Unauza Skrubu za Bati Mtandaoni? Soma Kwanza Yaliyonikuta Same

Leo sitaongelea namna ya kupata wafuasi wala saa nzuri ya kuposti. Naongelea skrubu. Najua wengi humu mnauza nguo, viatu na vipodozi, lakini kuna kundi kubwa tunaouza vifaa vya ujenzi kwa simu, na hata wewe wa vipodozi utaona humu kitu kinachofanana na chako.

Vuli ya mwaka juzi, mvua zimeanza tu kugonga, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Makanya. Hakunisalimia. Alisema, "Mwanangu, paa lako linavuja."

Mimi sijengi. Nauza skrubu, soketi, mikasi ya bati, gundi na takataka zote zinazokwenda juu ya paa. Natangaza WhatsApp na Instagram, mzigo uko chumbani kwangu Same mjini, na mteja natumia basi, Noah au boda kumfikishia. Sasa paa linakuwaje langu? Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba unitumie picha." Picha zikaja. Banda la kuku la maana, nguzo za chuma, juu kaezeka zile paneli za sandwichi, bati juu, bati chini, katikati povu la kuzuia joto. Kila palipopigwa skrubu pana alama ya maji. Na upande wa kusini, paneli ya mwisho imenyanyuka kidogo, upepo ukipita inapiga kelele kama mtu anagonga mlango. Ndani kulikuwa na vifaranga wa siku nne.

Nikarudi kwenye meseji zetu za zamani. Aliandika: "Nataka skrubu ndefu za bati 400." Mimi nikajibu: "Zipo mama, ndefu kabisa." Nikamtumia za milimita 65, ambazo ndizo ndefu kuliko zote nilizokuwa nazo. Biashara ikaisha kwa meseji mbili. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Ngoja nieleze kosa lilikuwa wapi, maana hapa ndipo pesa ilipo.

Paneli yake ilikuwa ya milimita 50. Hiyo 50 ni unene wa sehemu bapa tu. Kwenye mgongo, ile sehemu inayopanda, unaongeza kama milimita 35, unafika 85. Chini yake kuna bomba la mraba la chuma, ukuta wake milimita 2. Halafu ncha ya skrubu ikishatoboa lazima ipite yote upande wa pili na nyuzi za kutosha zishike chuma, hapo weka 20 mpaka 25 nyingine. Jumla unaitaka skrubu ya kama milimita 110. Mimi nimetuma 65. Haifiki hata kwenye chuma ukiipiga mgongoni.

Fundi alifanyaje? Alifanya kile fundi yeyote mwenye mzigo uliokwishalipiwa angefanya. Aliacha migongo, akapiga kwenye mabonde, maana huko angalau skrubu inafika. Ila bondeni ndiko maji yanakopita! Na hata huko, baada ya kupita milimita 50 za paneli, zimebaki 15 tu, na nyingi ya hizo ni ncha. Nyuzi zimeshika kidogo sana. Upepo wa tambarare ya Same mnaufahamu mliopita hii barabara ya Dar kwenda Moshi. Unanyonya paa kuelekea juu, na unanyonya zaidi pembeni na kwenye kona kuliko katikati. Ndiyo maana paneli ya kona ndiyo iliyoachia kwanza.

Kosa la pili lilikuwa ncha. Zile skrubu zangu zilikuwa za mbao. Skrubu ya mbao ina ncha kali kama sindano, mara nyingi na mkato mdogo pembeni wa kusaidia kuingia kwenye ubao. Skrubu ya chuma ina ncha iliyochongwa kama kekee, inajitobolea yenyewe. Ukipeleka ya mbao kwenye bomba la chuma inazunguka hapo mpaka inawaka moto na ncha inaisha. Fundi alichoka, akatoboa matundu kwanza kwa drili, na kekee aliyokuwa nayo ilikuwa nene kuliko skrubu. Kwa hiyo hata zile milimita chache zilizofika zilikuwa zinaelea tu.

Yote hayo kwa sababu sikuuliza maswali mawili.

Mama alishaposti kwenye kundi moja la wafugaji. Aliandika jina la ukurasa wangu na neno moja: tapeli. Mnaojua biashara ya mtandaoni mnajua neno hilo linafanya nini. Wiki ile nilipata oda mbili tu, na mmoja wao aliniuliza kwanza, "Wewe ndiye yule wa Makanya?" Sisi Wapare watani wetu wanatusema kwa kuifuata kesi ya kuku mpaka tunauza ng'ombe, basi nikajua huyu mama hataniacha hivi hivi.

Nilifunga safari mpaka kwake. Sikwenda kubishana. Nilikwenda na tepu, nikapanda ngazi, nikapima mgongo, bonde, bomba. Nikamrudishia hela yake yote ya skrubu, nikaagiza za milimita 115 zenye ncha ya chuma kwa gharama yangu, na nusu ya ufundi wa kurudia nikalipa mimi. Matundu ya zamani bondeni tukayafunga kwa riveti zisizopitisha maji na gundi. Ile faida ya miezi miwili ikaondoka. Vifaranga waliokufa kwa baridi sikuweza kuwalipa, na hakuniomba, ila alinihesabia mmoja mmoja.

Tangu hapo sitoi bei kabla sijauliza. Mteja akiniandikia "nataka skrubu za bati", namjibu: Chini kuna mbao au chuma? Kama ni chuma, unene wake? Bati la kawaida au paneli, na paneli ya ngapi? Naomba picha ya bati kwa ubavuni, weka rula pembeni. Mwanzo niliogopa kwamba wateja watachoka na maswali. Wachache wanachoka kweli. Wengi wananipa simu ya fundi, na fundi akishaona unauliza unene wa chuma anakuweka kichwani.

Kwa anayetaka kuanza, akili yangu ya kuchagua mzigo ni hii. Bati la kawaida la migongo mipana juu ya mbao, ambalo ndilo linalotembea zaidi huku kwetu, skrubu ya milimita 65 inatosha ukipiga mgongoni, kwa sababu mgongo unakula 25 mpaka 30 na zilizobaki zinaingia kwenye ubao. Bati hilo hilo kwenye chuma, likipigwa bondeni, hata milimita 25 zinatosha, ila ncha iwe ya chuma. Ncha za chuma nazo zina namba. Namba 3 inatoboa chuma cha kawaida cha mabanda na mapaa, namba 5 ni ndefu zaidi, kwa vyuma vinene vya maghala. Usinunue namba 5 nyingi kwa kuwa muuzaji wa jumla amekupunguzia bei, zitakaa. Mimi zangu bado zipo chini ya kitanda.

Skrubu za paneli ni mnyama wake. Ukiiangalia vizuri utaona nyuzi chini kwenye ncha, halafu sehemu laini, halafu nyuzi nyingine karibu na kichwa. Zile za juu si urembo. Zinalishika bati la juu lisizame kwenye povu mtu akilikanyaga, likabaki limegusana na raba. Bila hizo, kila fundi anapokanyaga paa, bati linashuka, skrubu inabaki imesimama, na raba inaachia maji. Pamoja nazo uza vile vikofia vya bati vinavyokaa juu ya mgongo kama tandiko la punda, vyenye sponji au raba chini. Vinatawanya nguvu ya skrubu mgongo usibonyee. Wateja wengi hawavijui mpaka uwaonyeshe picha.

Na msisahau skrubu fupi za kuunganisha bati na bati, na bati na kofia. Mtu akinunua ndefu 400 atahitaji na fupi, na asipozipata kwako atakwenda dukani, na huko dukani oda yake inayofuata itabaki huko huko.

Idadi mfanyie hesabu wewe. Yule mama nilikaa naye tukahesabu upya: banda la mita 12, kila paneli inafunika mita 1, kwa hiyo paneli 12 upande mmoja, 24 pande zote. Mistari ya chuma 5 kila upande. Skrubu 3 kila paneli inapokutana na chuma. 24 mara 5 mara 3 ni 360. Ongeza kumi katika kila mia kwa ajili ya zinazoanguka, zinazopinda na zinazoingia mfukoni mwa fundi, unakaribia 400. Kwa hiyo idadi yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Aliyekosea nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa raba. Hapa ndipo wauzaji wadogo tunapopigwa, kwa sababu kwenye picha raba zote ni nyeusi. Raba nzuri ya skrubu ya bati inaitwa EPDM. Ya bei rahisi mara nyingi ni plastiki laini. Jua la Same linaikausha ile plastiki, inapasuka, maji yanapita pembeni ya skrubu, na mteja anadhani bati ndilo bovu. Kabla sijachukua mzigo naomba sampuli. Raba moja naibana kwa koleo na kuiwashia kiberiti cha gesi, nje, mbali na watoto. Plastiki inalainika na kuyeyuka, inadondoka matone. EPDM haiyeyuki, inaungua tu na kuacha masizi. Nyingine naikunja kwa vidole mpaka mwisho, naangalia kama inarudi au inaonyesha mistari ya kupasuka. Skrubu zenyewe naziloweka kwenye glasi ya maji ya chumvi, aina mbalimbali kila moja na glasi yake, naziacha wiki nzima dirishani. Mke wangu alidhani nimeanza uganga. Lakini kuna mzigo mmoja wa jumla niliukataa kwa sababu ya glasi ile, siku ya tatu tu maji yalikuwa ya rangi ya chai.

Picha za glasi niliziposti bila kutaja muuzaji. Ile posti ndiyo iliyonirudishia wateja kuliko tangazo lolote la kulipia.

Kuna jambo moja la mbao. Mbao nyingi siku hizi zimetiwa dawa ya mchwa, zile za kijani. Dawa yenye shaba inaila haraka ile zinki nyembamba ya skrubu za bei ya chini. Mteja akikwambia mbao zake zina dawa, mwuzie skrubu yenye mipako mizito na umweleze kwa nini inazidi bei. Akikataa, sawa, ila meseji ibaki kwenye simu.

Misumari? Bado nauza, sidanganyi. Mwenye banda la mbuzi hana sababu ya kununua skrubu. Lakini mwenye nyumba namwambia ukweli: bati la mita 6 likipata joto likapanda nyuzi 40 kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana, linarefuka karibu milimita 3, usiku linarudi. Kila siku linausukuma msumari mbele na nyuma, na msumari hauna nyuzi za kushikilia. Mwisho unapanda juu wenyewe. Tambarare ya Same hiyo ni shughuli ya kila siku ya jua.

Ukipanda milimani mambo yanageuka. Wateja wangu wa Mbaga, Vudee na Mamba hawalalamikii joto. Huko ukielekea kilele cha Shengena, mita 2,462, kuna ukungu na baridi, na shida yao ni jasho la bati. Hewa ya ndani ina unyevu, inapanda, inakutana na bati la baridi alfajiri, inageuka maji na kudondoka. Mkulima mmoja wa tangawizi aliniandikia kwamba paa lake jipya linavuja hata siku isiyo na mvua. Nikamwambia mzee wangu hilo halivuji, linatoka jasho, na skrubu mpya hazitakusaidia. Nilimuuzia karatasi ya foili ya kuweka chini ya bati na gundi ya kuunganishia, na nikamshauri aache nafasi ya hewa kutoka juu kwenye kofia. Ningeweza kumuuzia skrubu 500 siku ile, alikuwa tayari na hela mkononi.

Vifaa vya kazi sitavimaliza vyote, naongelea vinavyotoka. Cha kwanza ni soketi ya sumaku ya milimita 8, ndogo, rahisi kutuma, inachakaa kila baada ya kazi kadhaa, na skrubu nyingi za bati zinaitumia. Skrubu nene zaidi, zikiwemo baadhi za paneli, zinataka ya 10, kwa hiyo naweka zote mbili na nahakikisha inayolingana imo ndani ya kifurushi cha skrubu. Hebu fikiria mteja yuko Mbaga, gari limefika jioni, fundi kapanda asubuhi, soketi haiingii. Simu atakayopiga hutaipenda.

Drili: mafundi wanapenda impakti kwa sababu ina nguvu na inapiga kelele za kazi. Kwa mbao sawa. Kwa paneli nawaambia wachukue drili ya betri yenye pete ya namba za kupunguza nguvu. Raba inatakiwa ibanwe mpaka itokeze kidogo tu kwenye ukingo wa washa. Ikitoka nje yote imekufa, na kwenye paneli bati linabonyea, linatengeneza kibakuli cha maji kuzunguka skrubu. Impakti inafika huko kabla fundi hajaachia kidole.

Mikasi ya bati ilinichekesha. Mteja aliniandikia, "Nitumie wa kijani, nyekundu sipendi." Nikamtumia. Baadaye akasema mkasi unapinda. Rangi zile zina maana: nyekundu hukata kona ya kushoto, kijani ya kulia, njano inanyooka. Sasa nimeandika hivyo chini ya kila picha, na badala ya kuuza mmoja nauza seti.

Grenda ninayo lakini nikiiuza kwa kazi ya bati natoa onyo. Cheche zake zinachoma rangi na zinki pembeni ya mkato, na vumbi la chuma likibaki juu ya paa linashika kutu likipata mvua ya kwanza, paa jipya linakuwa na madoa. Kwenye paneli zenye povu ni hatari zaidi, cheche inaweza kuwasha povu. Msumeno wa jigi wenye meno madogo unakata bila fujo. Kuna pia kifaa cha kufunga kwenye drili kinachong'ata bati kidogo kidogo, hicho kina faida nzuri na bado si wengi wanaokiuza.

Kufungasha, kwa ufupi. Skrubu ni nzito na zina ncha, mfuko wa plastiki hautafika Maore salama. Natumia makopo ya rangi yaliyosafishwa. Sihesabu moja moja: napima 100 kwenye mizani, napata uzito, nazidisha, naongeza kumi za bure. Juu ya kopo nabandika karatasi: urefu, ncha ya mbao au ya chuma, idadi, soketi ya ngapi. Napiga picha kopo likiwa wazi juu ya mizani na namtumia mteja kabla halijapanda gari. Rangi ya vichwa napiga picha nje juani, maana nyekundu ya chumbani kwangu na nyekundu ya bati la mteja zilishawahi kugombana.

Mama wa Makanya hakuifuta ile posti. Ila mwezi wa tatu, masika inaanza, aliandika chini yake mwenyewe: "Alikuja akapanda juu akapima. Halivuji." Juzi kanipigia tena, anajenga banda la pili, paneli ya milimita 75 safari hii. Nilipoanza kuuliza chini kuna nini akanikatiza, "Bomba la mraba, milimita 2, mgongo nimeshaupima 35, nataka za 140 na vikofia vyake. Na zile kumi za bure usisahau."